Rangi nzito inaomba maji, haiombi esanse

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati bwana yuko kazini: leo sisemi juu ya kofia ya kazi wala juu ya viatu vya usalama. Shefu wako anakukumbusha hayo kila siku mbele ya kushuka shimoni. Leo nataka tuzungumze juu ya kazi inayofanywa nyumbani siku ya pumziko, barazani ao chini ya mwembe: kazi ya kupaka rangi vitu vidogo.

Vitu gani? Unavijua. Vimotokari vya waya. Kamioni za bati lililokatwa katika makopo ya maziwa. Lokomotivu za mbao. Mnara wa shimo pamoja na magurudumu yake ya kamba. Mumbunda wa Lubumbashi pamoja na bomba lake la moshi. Vijana wa masomo wanaviita maketi. Wengine wanafanya vya kuuza, wengine vya kupeleka masomoni, na wazee wa pansio wanafanya juu ya kupitisha mchana. Mimi nasema wazi kwamba kazi hii si ya upuzi. Kijana anayeweza kupaka dirisha la motokari lenye upana wa ukucha bila kuchafua mlango, kesho atakuwa fundi wa mashini mwenye mkono unaotulia.

Tena si jambo la kigeni kwetu. Miaka ya 1970 wapiga picha wa Lubumbashi, kama Tshibumba Kanda Matulu, walichora historia ya nchi yetu juu ya magunia ya unga. Hawakungoja vitambaa vya Ulaya. Mkono wa Katanga na rangi wanajuana toka zamani.

Kinachonisumbua ni kopo. Rangi inapokuwa nzito, mtu anafanya nini? Wengi wanamimina esanse. Wengine wanamimina petroli ya taa. Wengine wana diluani iliyotoka atelye ndani ya chupa ya limonadi. Na wanafanya hayo ndani ya nyumba, mlango umefungwa juu ya vumbi, mtoto anacheza karibu na magoti yao, mbabula inawaka pembeni. Ndiyo sababu neno hili lina nafasi katika ukurasa wa usalama na afya, si katika ukurasa wa michezo.

Nitaanza na rangi yenyewe, kisha nitafika kwa magonjwa. Ninawajua wasomaji wangu: nikianza na magonjwa, watageuza ukurasa kwenda kutafuta matokeo ya mpira.

KOPO LAKO LINASEMA NINI?

Mbele ya kumimina kitu chochote, soma kopo. Rangi tunazoziona sokoni ni za jamaa tatu. Ya kwanza ni rangi ya maji: akriliki ya wachoraji, ile ya tubu na ya vichupa, pamoja na ndugu yake, lateksi ya ukuta. Juu ya kopo utasoma kwa Kifaransa "acrylique", ao "diluable à l'eau". Ya pili ni rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, inayoomba terebantini. Ya tatu ni rangi ya motokari na ya mashini, yenye diluani yake kali. Kila jamaa ina kinywaji chake. Ukiipa jamaa moja kinywaji cha nyingine, itatapika.

Jaribu kumimina esanse katika akriliki, utaona kwa macho yako. Rangi inaganda kama maziwa yaliyoharibika, vipande huku, maji huku. Sababu yake si uchawi. Akriliki ni chembe ndogo sana za plastiki pamoja na unga wa rangi, vyote vikielea ndani ya maji. Maji yanapokwenda hewani, chembe zinakaribiana, zinashikana, zinakuwa ngozi moja. Esanse na maji havipatani. Ikiingia pale, inavuruga chembe zile, na rangi haina tena umoja.

Tena ujue hili: ngozi ile ikikwisha kukauka, maji hayairudishi. Kwa hiyo kama kopo lako lilikaa wazi majuma mawili na rangi imekuwa jiwe, achana nayo. Mtu anayekuambia kwamba esanse inafufua akriliki iliyokufa anakupotezea esanse na rangi pamoja. Lakini rangi iliyo nzito tu, ambayo bado inasogea ukiinamisha kopo, hiyo inapona. Maji yake yamepunguka, ao unga umekaa chini. Na rangi ya tubu imetengenezwa nzito kwa makusudi, sababu wachoraji wanapenda ionekane alama ya brosi juu ya kitambaa. Wewe unayepaka kamioni ya urefu wa mkono mmoja, alama ya brosi ni adui yako.

KUIFANYA NYEPESI

Ondoa ngozi ya juu kwa kijiti. Usiikoroge ndani, vipande vyake vitakusumbua mpaka mwisho. Koroga toka chini, polepole, mpaka kijiti kisiguse tena udongo mzito chini ya kopo. Kama kuna vidonge, chuja rangi kwa kipande cha soksi ya nailoni ya mama. (Uliza ruhusa mbele. Nimeombwa na mabibi wengi niandike hivyo.)

Usimimine maji katika kopo zima. Chota rangi kidogo, itie juu ya sahani ya zamani ao kifuniko cha plastiki, na kazi yote ya maji uifanye pale. Chukua maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji yenye chokaa nyingi yanaacha alama nyeupe juu ya rangi nyeusi, na maji machafu yanafanya rangi inuke ndani ya kopo nyuma ya siku chache. Brosi yenye maji machafu usiirudishe koponi kwa sababu ileile.

Kwa rangi ya tubu, anza na tone moja la maji kwa matone mawili ya rangi. Koroga. Kisha tazama. Pandisha rangi kwa brosi juu ya ukingo wa sahani na uiache ishuke. Kama inabaki pale kama bukari, ongeza tone. Kama inashuka kama maziwa na inaacha rangi nyuma yake, umefika. Kama inakimbia kama chai na ukingo unabaki mweupe, umezidisha, ongeza rangi. Hakuna hesabu moja kwa makopo yote, kwa sababu viwanda vinatofautiana, tena rangi nyeupe na ya manjano zina tabia zao. Sahani ndiyo itakuambia, si mimi.

Kwa nini nasema usizidishe? Kwa sababu maji hayana gundi. Chembe za plastiki zikiwa mbali sana, hazishikani vizuri. Rangi inakauka kama unga, ukipitisha kidole inatoka. Tena inakimbilia ndani ya mifereji na kuacha pembe za kitu zikiwa wazi, halafu kamioni yako inaonekana kama imefanya kazi miaka kumi katika karieri. Kama unataka rangi nyepesi sana, kwa mfano ya kuonyesha kutu ao vumbi, changanya maji na ile gundi ya akriliki wanayouza kwa wachoraji, nyeupe kama maziwa, inayokauka bila rangi. Hiyo inaongeza wepesi bila kuondoa nguvu.

Watu wengine wanatia tone moja la sabuni ya vyombo katika kopo la maji ya kuchanganyia. Ni vizuri, rangi inasambaa kwa urahisi. Lakini tone moja tu kwa kopo zima. Ukizidisha utapaka mapovu.

Kisha paka mara mbili ao tatu, nyembamba, na kati ya mara na mara ungoje rangi ikauke kabisa. Hapa ndipo watu wanakosa uvumilivu. Wanataka kufunika bati mara moja, wanapaka rangi nzito, na misumari midogo waliyopigilia juma zima inazama isionekane tena. Mtu amefanya kazi ya siku saba, rangi nzito inaizika kwa dakika tano.

Wakati wa kipwa, mwezi wa sita mpaka wa nane, hewa yetu ni kavu na akriliki inakauka juu ya brosi mbele ya kufika kwa kitu. Usikimbilie kusema rangi ni mbaya. Kunja kitambaa safi, ukiloweshe, ukilaze katika sahani, juu yake weka karatasi ya kuokea mikate, na rangi yako uitie juu ya karatasi. Maji yanapanda kidogo kidogo toka chini, rangi inabaki laini mchana mzima. Wakati wa mvua huhitaji hayo. Wakati huo unahitaji kungoja tu.

Mafundi wa bati watanijibu kwamba rangi ya maji haishiki juu ya chuma. Wana haki nusu. Haishiki juu ya chuma chenye mafuta, na bati la kopo ao waya wa umeme uliotolewa ngozi karibu kila mara una mafuta. Oga mikono, osha kitu kwa sabuni na maji ya moto, kausha, sugua kwa karatasi ya msasa iliyoloweshwa, osha tena, kausha tena. Kisha paka. Utaona kama haishiki.

SASA TUSEME JUU YA CHUPA

Baba mmoja aliniambia: "Munganga, maneno yako ni mazuri, lakini esanse inakausha haraka." Ni kweli, inakwenda hewani haraka. Lakini inakwenda wapi? Inakwenda katika chumba, na wewe uko ndani ya chumba.

Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Unashuka, unatembea chini ya sakafu kama maji, unatafuta moto. Mbabula iliyo hatua kadhaa kutoka kwako inatosha. Tena usijidanganye kwamba asubuhi ya kipwa ni baridi na hakuna hatari: esanse inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali ambayo hatujaiona hata siku moja Katanga. Petroli ya taa haiwaki upesi namna ile, lakini ikilowa katika nguo ya mtoto na moto ukifika, nguo ni utambi.

Halafu kuna kisichoonekana. Kichwa kinauma, macho yanawasha, mtu anajisikia kama amekunywa bila kunywa. Hiyo ndiyo sumu ya mara moja. Sumu ya polepole ni benzeni, iliyomo ndani ya esanse. Wanasayansi wamehakikisha kwamba benzeni inaharibu mahali damu inapotengenezwa, na inaweza kuleta kansa ya damu. Zamani esanse ilikuwa pia na risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiondoa mpaka mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho ulimwenguni, iliacha kuiuza mwaka 2021. Watu wengine wanasikia hayo na kusema: basi esanse imekuwa safi. Hapana. Risasi iliondoka, benzeni ilibaki.

Lakini neno linalonipa uchungu zaidi kuliko yote ni chupa ya limonadi. Sisemi kwa kusikia. Katika dispensari watoto wanaletwa, wa mwaka mmoja na nusu, wa miaka miwili, wa miaka mitatu. Mtoto ameona chupa anayoijua. Juzi chupa ya namna ile ilikuwa na kitu kitamu. Ana kiu. Anakunywa funda moja, anakohoa, mama anapiga kelele. Na mama, kwa mapendo yake yote, anafanya jambo ambalo jirani alimfundisha: anamnywesha mafuta ya ngazi ao maziwa ili atapike.

Mama, ninakuomba, sikia vizuri. Mtoto aliyekunywa petroli, esanse, terebantini ao diluani, usimtapishe. Usimpe mafuta, usimpe maziwa, usimtie kidole kooni. Petroli katika tumbo si hatari kubwa kama petroli katika mapafu. Anapotapika, inapita tena kooni, na kidogo kinaingia njia ya hewa. Kidogo hicho kinatosha. Mapafu yanavimba, mtoto anapumua mbio, midomo inageuka rangi, na mara nyingi hali inaharibika saa nyingi nyuma ya kunywa, wakati wazazi wanafikiri mambo yamekwisha. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi yake kwa sabuni na maji, na umlete hospitalini mbio, hata kama anacheza na kucheka. Leta na chupa pia. Usiifiche kwa haya. Mimi siulizi chupa ni ya nani, nataka kujua iliyomo.

Nimemwona baba amesimama mlangoni kwa dispensari na mikono yake ina rangi nyekundu mpaka viwiko. Alikuwa anapaka kamioni ya sikukuu kwa mtoto yuleyule aliyekuwa kitandani. Kijana yule alipona, nyuma ya siku sita za oksijeni. Si wote wanapona.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na ninajua wengine hawatapatana nami. Wako wenzetu katika kazi ya usalama wanaotaka tuseme tu: rangi ni hatari, watoto wasipake rangi. Mimi sikubali. Ukikataza kazi nzuri, watu wataifanya kwa kificho, na kwa kificho ni vibaya zaidi, kwa sababu mlango utafungwa. Kubadilisha kinywaji cha rangi ni rahisi kuliko kubadilisha moyo wa kijana. Rangi ya maji katika nyumba, esanse katika tangi ya motokari. Kama kitu kinaomba kabisa rangi ya mafuta, kipakwe nje, na mkubwa, mbali na moto, na terebantini ikae katika kopo lake la kiwanda lenye jina, juu, mahali mtoto hafiki.

Utasema akriliki ni ya bei. Tubu ndogo ya wachoraji ni ya bei, ndiyo. Lakini kidogo chake kinachochanganywa vizuri kinapaka maketi nyingi. Na kwa anayeanza, lateksi ya ukuta inatosha sana: nunua nyeupe kopo dogo, na rangi nyingine uchanganye humo. Vijana watatu ao wane wa njia moja wanaweza kununua pamoja. Kuna fuaye za vijana katika makambi mengi. Ningependa kuona huko meza moja, sahani za zamani, ndoo ya maji, na mzee mmoja wa pansio anayejua kazi. Gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya mtoto chini ya oksijeni.

MASALIO YA ATELYE

Kuna tabia nyingine, na hapa nitawauzi wanaume. Mfanyakazi anaona kopo la rangi ya mashini limebaki robo, anasema lisipotee, analeta nyumbani. Rangi ni nzuri, inang'aa, mtoto anafurahi. Lakini rangi ile ilitengenezwa kwa kukaa juu ya chuma katika mvua na asidi, si kwa kukaa mkononi mwa mtoto. Rangi nyekundu ya zamani ya kuzuia kutu, tunayoiita minium, ni risasi. Manjano na machungwa nyingi za mashini zilipata rangi yao kutoka kwa risasi na kromu. Na zile za makopo mawili zinazochanganywa ndipo zigande, nyingine zinaleta asma kwa mtu anayepumua mvuke wake bila maski inayofaa.

Risasi haimwui mtoto kwa siku moja. Inamwibia akili. OMS inasema hakuna kipimo cha risasi katika damu kinachojulikana kwamba hakina hatari, na kwamba mtoto mdogo anavuta risasi aliyomeza mara nne ao tano kuliko mtu mkubwa. Mtoto anayechezea kamioni hiyo anaiweka mdomoni. Rangi inabanduka, anameza vipande. Nyuma ya miaka mwalimu anasema mtoto hashiki masomo, na baba anamchapa.

Kopo la atelye libaki atelye. Kama limebaki robo, shefu anajua pa kulipeleka.

MDOMO SI MAHALI PA BROSI

Utasema: basi nikitumia maji, hatari imekwisha. Bado kuna moja, nayo ni ndogo kwa kuiona. Ukimtazama kijana anayepaka kitu chembamba, utaona anaweka nywele za brosi kati ya midomo ili zipate ncha. Karibu wote wanafanya.

Sikilizeni habari ya Marekani. Toka mwaka 1917, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, wasichana walipaka tarakimu za saa kwa rangi yenye radiumu, ili zionekane gizani. Kazi ilikuwa ndogo na nyembamba, kama ya maketi. Walifundishwa kunyoosha brosi kwa midomo. Waliambiwa haina neno. Nyuma ya miaka, meno yao yalianguka, mifupa ya mataya ikaoza, damu ikakosa, wengi wakafa wangali vijana. Na angalia: rangi ile ilichanganywa na maji na gundi ya mti. Maji hayakuwaokoa, kwa sababu sumu ilikuwa ndani ya unga.

Habari hii inatuhusu kuliko wengine. Shinkolobwe yetu, iliyogunduliwa mwaka 1915, ndiyo ilitoa mawe yaliyolisha kiwanda cha radiumu cha Olen, Ubelgiji, toka mwaka 1922. Na leo ndani ya tubu za akriliki muna wageni wengine wanaotoka katika udongo kama wetu. Buluu ya kobalti, aliyoivumbua Mfaransa Thénard mwaka 1802, ni kobalti kweli. Manjano na nyekundu za kadmiumu ni kadmiumu, ndugu wa zinki. Wewe unayefanya kazi ya kobalti unajua kwamba hatuli katika atelye na hatuweki vidole mdomoni. Sheria hiyo usiiache kwenye lango la kampuni. Radiumu haimo tena katika rangi, na kadmiumu iliyofungwa katika rangi haiingii mwilini upesi kama chumvi zake, lakini mdomo hauna kazi pale. Ncha ya brosi inapatikana vilevile kwa kuizungusha juu ya kitambaa chenye maji.

Na sisi tunakula bukari kwa mkono. Rangi iliyokauka chini ya ukucha inaingia katika tonge la kwanza. Sabuni na brosi ya kucha mbele ya chakula, kwa baba kama kwa mtoto.

Juu ya vumbi nitasema kidogo, maana mnajua kuliko mimi. Katika shimo tunatoboa jiwe kwa maji ili vumbi lisiruke, kwa sababu tumeona wazee waliopoteza pumzi. Kusugua rangi kavu kwa msasa ni kutoboa bila maji. Lowesha msasa. Wale wanaopuliza rangi kwa pompi wafanye nje, upepo ukiwa mgongoni, na pua ikiwa imefunikwa na maski ya kweli, si kitambaa cha mfukoni. Tena mtoto asikae hapo.

Rangi ikiingia jichoni, maji safi, mengi, robo ya saa nzima kwa saa, jicho likiwa wazi, kisha dispensari. Mtoto akilamba akriliki kidogo, osha mdomo wake, mpe maji kidogo, angalia kopo limeandikwa nini na uje nalo.

Yanabaki maji ya kuoshea brosi. Usiyamwage penye lengalenga wala karibu na kisima. Yaache ndoo moja usiku kucha, rangi itakaa chini. Maji ya juu yamwage mbali na bustani, na matope ya chini uyafute kwa karatasi, ukaushe, utupe pamoja na takataka za nyumba. Brosi uioshe kwa sabuni mara moja, nywele zikiwa bado na maji, kisha uilaze kwa ubavu ikauke. Ukiisimamisha kwa kichwa chake ndani ya kopo, kesho haitakuwa na ncha tena.